Ile Safu ya Pumzi kwenye Fomu Yetu

Kila mfanyakazi mpya aliyefika ofisini kwetu, mjini Baraka, aliniuliza swali lilelile kabla wiki haijaisha. Alikuwa akijaza fomu ya kusikiliza: tarehe, saa, namba ya mti, jina la mnyama, mvua ipo au haipo. Kisha anafika kwenye safu ya mwisho, iliyoandikwa "Pumzi: ipo / haipo", na kunitazama kama mtu aliyekuta kiatu ndani ya sufuria. Pumzi ya nani? Nilikuwa najibu kwamba nitaeleza siku nyingine, leo kazi ni nyingi. Sasa nimestaafu, kazi hakuna, na ile siku nyingine imefika.

Habari za vyeo nitaziruka, maana hazitanichukua hata mstari mmoja. Niliingia nikiwa msikilizaji na nimetoka nikiwa msikilizaji. Kwa yeyote atakayeokota karatasi hizi bila kuijua kazi yetu, ni hivi: tunafunga vinasa sauti kwenye miti katika misitu iliyo juu ya Fizi, vinabaki huko peke yao vikisikiliza, na baada ya wiki kadhaa mtu anapanda kubadilisha betri na kadi. Kadi zinashuka Baraka. Huku chini anakaa mtu mwenye kaski za kusikilizia masikioni, mbele ya kompyuta inayochora kila sauti kama vilima na mabonde, naye anaandika nani alilia, wapi, saa ngapi. Mtu huyo nilikuwa mimi, Riziki, kwa miaka mingi kuliko kiti nilichokalia, ambacho kilibadilishwa mara mbili.

Sikuanzia msituni. Kabla ya wanyama nilikuwa narekodi kwaya. Mnaijua Baraka: ukitupa jiwe Jumapili asubuhi litamwangukia mwanakwaya, awe Mkatoliki au Mprotestanti. Nilikuwa na mashine yangu na maikrofoni mbili, na sifa moja iliyonifanya nitafutwe mpaka Fizi kwenyewe: rekodi zangu zilikuwa safi. Siri yake ilikuwa uvumilivu tu. Kila mwimbaji hupumua, na kabla ya kila mstari kwaya nzima huvuta hewa kama mlango unaofunguka. Mimi nilizikata zile pumzi moja moja. Kwenye kaseti zangu watu waliimba dakika tano bila kupumua hata mara moja, na hao kina mama wa sauti ya kwanza walinipenda kwa hilo. Mkumbuke jambo hili, kwa sababu litarudi kunivua nguo hadharani.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Chef Wilondja, mkuu wa ofisi yetu, mtu mwembamba aliyesomea wanyama na aliyekuwa na penseli sikioni hata akiwa kanisani. Alinivisha kaski, akanichezea dakika mbili za msitu, akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia nimesikia ndege watatu nisiowajua, maji, pikipiki ya mbali sana, na mtu aliyepita na kandambili zilizolowa. Akatoa penseli sikioni. Kumbe walishaisikiliza kadi ile watu wanne na hakuna aliyesikia kandambili. Nilianza kazi kesho yake.

Wiki ya pili nilijiaibisha. Nikiwa peke yangu na kadi mpya, nilisikia mtu anachinjwa. Sitanii: ukelele ulianza chini, ukapanda, ukakatika, ukaanza tena kwa nguvu zaidi. Nilivua kaski, nikakimbia mpaka kwa Chef na kumwambia twende polisi. Hakuinua hata kichwa.

"Ni pelele, mama," akasema. "Nyama moja kadogo, inalingana na sungura. Inapandaka muti, inaanza kulia bile. Kunywa maji."

Nilikunywa maji. Baadaye nilizijua zote: pelele, sokomutu, yaani sokwe, wanaopiga ngoma kwenye mizizi mikubwa ya miti, hondohondo ambao mabawa yao hutoa sauti ya mtu anayepasua mbao. Lakini waliponizoea ofisini waliendelea kuniuliza kila Jumatatu kama kuna mtu yeyote aliyeuawa.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa Chef, wala vitabu vyake. Alikuwa Mzee Etabo, wa kijiji kimoja juu ya Lubondja. Etabo aliwinda mpaka mvi zikamtoka, kisha akaacha na kuwa mtu wetu wa kufunga vinasa sauti. Kila mwezi alishuka Baraka na kadi zake ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kabla ya kusema neno lolote la kazi alidai samaki.

"Kule juu tunakulaka sombe mpaka sombe inaanza kutuita kwa majina," alikuwa akisema, na sombe ni kisamvu. "Mama Riziki, nipe kwanza kitu iko na macho."

Akishakula ndagala zake, wale dagaa wa ziwa letu, alikaa pembeni yangu, mimi sikio moja la kaski na yeye la pili, na kunitajia msitu. Alijua kila ndege kwa jina la Kibembe, kwa tabia na kwa ubaya wa nyama yake. Alinifundisha kwamba chura wakinyamaza ghafla kuna kitu kinapita. Alinifundisha pia mambo ambayo hayamo kwenye mwongozo wa mashine: kwamba sisimizi wanapenda tundu la maikrofoni, kwa hiyo kamba ipakwe majivu na mafuta ya mashine, kwamba kinasa sauti kilicholowa kinalazwa siku mbili ndani ya gunia la mchele, na mchele huo unaliwa bila maswali. Na kuhusu betri, ambazo miezi ya kwanza ziliibwa kila mara, yeye ndiye aliyepata dawa. Betri zilizochoka kwetu zilikuwa bado na nguvu ya kuimbisha redio. Akawa anazigawa kijijini kila anapobadilisha, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Tangu hapo hakuna aliyegusa mti wetu, na akichelewa kupanda wanakijiji wenyewe wanamuulizia.

Tulikuwa pia na desturi ambayo naomba msiiache. Kabla ya kufunga kasanduku kapya, maana kijijini waliita vile vinasa sauti tusanduku, tulienda kwanza kukaa na watu, tukawarekodi wakiongea na kuwachezea sauti zao. Katika nchi iliyopitia vita kama yetu, kitu cha kijani kisicho na jina kilichofungwa juu ya mti kinaweza kumletea mtu balaa. Shemasi mmoja aliniuliza kama kale kasanduku kanasikia kupita ukuta wa nyumba. Nilipomwambia hapana, alishukuru Mungu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na mke wake akamgeukia.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Siku nilipomfundisha Etabo kufunga kasanduku kwa mara ya kwanza, nilimwambia kama nilivyokuwa nikiwaambia vijana wa kwaya: ukishamaliza kufunga, lazima ujaribu maikrofoni. Toa sauti, ngoja kidogo, kisha uondoke.

"Niseme nini?" akauliza.

"Kitu yoyote, mzee. Siye kwenye kwaya tunasemaka moja, mbili, tatu."

Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Sikumuuliza atasema nini. Nilikuwa na haraka.

Kinasa sauti chake cha kwanza kilifungwa katika bonde lililokuwa la tatu kwenye ramani yetu, na tukaliita hivyohivyo, Bonde la Tatu. Lilikuwa bonde lenye msitu mzito lakini lililokuwa limewindwa sana, na wengi waliamini limebaki na miti tu. Kadi yake ya kwanza ilipofika nilisikiliza nikiwa sina tamaa. Dakika chache baada ya kuanza, nikasikia mlio wa puani, mwembamba, wenye huzuni, mara tatu. Nikautafuta kwenye kumbukumbu zetu. Ulikuwa mboloko, yule paa mdogo wa msituni asiyefika goti la mtu, ambaye katika Bonde la Tatu watu walishaanza kumzungumzia kama marehemu.

Nilipiga kelele. Chef alikuja, akasikiliza, akatuma mtu alete sucré, yaani soda, kwa ofisi nzima. Etabo alikuwepo, ndiye aliyeleta kadi, na kila mtu alimpiga mabegani kwamba bonde lake lina mboloko. Yeye alitazama ndani ya chupa yake. Nilidhani ni unyenyekevu.

Kadi ya pili ilikuwa na mboloko. Ya tatu pia. Kwa miaka miwili karibu kila kadi ya Bonde la Tatu ilileta mboloko wangu, na kichwa changu kikavimba. Niliandika ripoti zilizosema wanyama wanarudi. Kamati ya msitu ya wanakijiji, inayoongozwa na mwami, chifu wao, ililiweka bonde lile pamoja na mabonde yasiyolimwa wala kukatwa miti, kwa sababu ya ripoti zangu.

Halafu zikashuka familia zilizokimbia vita huko milima ya juu, upande wa Minembwe. Walikuwa watu wa shamba waliobaki bila shamba. Waliomba Bonde la Tatu walime mihogo, na ombi lao halikuwa la watu wabaya. Mwami akaitisha mkutano. Chef akaniambia safari hii ripoti iwe nzito: kila mlio, kila saa, tangu mwanzo. Neno lako ndilo litakaloliweka bonde au kuliondoa, akaniambia, na mimi nikajipiga kifua.

Nikakaa wiki nzima nachora jedwali. Siku ya tano niliweka chini kalamu. Milio yote ya mboloko, yote bila kubakiza, ilianguka ndani ya dakika kumi za mwanzo wa kadi. Hakuna hata mmoja uliolia siku ya pili, au ya saba, au ya ishirini. Kadi inawekwa, mboloko analia, kisha mwezi mzima kimya. Nilitafuta maelezo. Nilifikiria saa ya mashine imeharibika. Nilifikiria kwamba labda harufu ya mtu inawavuta, na ninaona haya kusema kwamba niliiandika sababu hiyo kwa wino.

Etabo aliposhuka nilimpa ndagala, nikangoja amalize, nikamvisha kaski masikio yote mawili na kumchezea mlio mmoja. Alifumba macho.

"Huyu mutu anajua kuita," akasema.

"Mutu?"

Akavua kaski, akaziweka juu ya meza taratibu. Akabana pua kwa vidole viwili, akavuta pumzi, na humo humo ofisini, kati ya kabati na feni, mboloko wangu akalia mara tatu.

"Ni mimi, Mama Riziki," akasema. "Ulisema nifanye essai, nijaribu. Kuongea na kasanduku peke yangu mu pori, nilisikia haya. Mutu akipita atasema Etabo alisharukwa na akili. Donc, basi, niliita, bile tunaita nyama tukiwinda. Baba yangu njo alinifundisha."

"Juu ya nini haukusema ile siku ya kwanza?"

"Ningesema saa ngapi? Beye bote mulikuwa munakunywa sucré na munanipiga ku mabega. Kisha mwezi ule mwengine Chef ananiuliza, mboloko iko? Nikaona nikinyamaza mutasema bonde ilikufa."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mzee wa umri ule. Aliyasikiliza yote. Kisha, nilipochoka, akauliza swali la upole tu.

"Lakini we, mwenye masikio, haukusikia pumuzi? Mutu anavutaka pumuzi mbele ya kuita. Nyama hapana."

Nikarudisha mlio. Nikasikiliza pale kabla. Ilikuwepo. Pumzi ya mtu, nzima, wazi kama mlango. Ilikuwepo kwenye kadi ya pili, na ya tatu, na zote. Miaka ya kwaya ilikuwa imelifundisha sikio langu kuruka pumzi, na liliiruka kwa miaka miwili bila kuniuliza. Mtu aliyesikia kandambili zilizolowa hakusikia pua ya rafiki yake. Nililia pale mezani, si kidogo.

Zilibaki siku tisa kabla ya mkutano. Chef alipoambiwa alikaa chini, akaweka penseli sikioni, akaitoa, akairudisha. Alisema lazima tuseme ukweli. Nilijua hivyo, lakini nilijua pia maana yake: ripoti inaanguka, bonde linaanguka nayo, na jina la Etabo kule juu litakuwa la mtu aliyedanganya mwami. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, Etabo akaniita.

"We unanisikilizaka mimi tu," akasema. "Sikiliza nyuma yangu. Mboloko haijibuke na kinywa. Ikisikia ile sauti inafikiri ni mutoto iko na taabu, inakuja na miguu. Nikishaita ninasimamaka kimya, bile mwindaji. Ni desturi ya mwili."

Basi tukasikiliza nyuma yake. Siku saba, sikio kwa sikio, dakika kumi baada ya kila mwito, sauti imepandishwa mpaka mwisho. Majani. Matone. Tumbo la Etabo, ambalo lilituchekesha. Na siku ya tatu, katika kadi ya kale kabisa, vikwato vidogo juu ya majani makavu: vinakuja, vinasimama, kimoja kinagonga ardhi, kisha mkoromo mfupi kama chafya ya mtoto, na mbio. Etabo alinishika mkono.

"Njo yeye mwenyewe," akasema.

Tulimpata mara tatu. Tatu tu, katika miaka miwili.

Mkutano ulifanyika kwenye kanisa dogo juu ya Lubondja. Nilisimama na kusema kwamba ripoti zangu zote kuhusu Bonde la Tatu zilikuwa na kosa, na kwamba kosa lilianzia kwangu. Aliyesimama kunijibu alikuwa Sumaili, msemaji wa zile familia zilizoshuka, mtu mtaratibu mwenye koti lililomzidi mabega.

"Donc miaka mbili mulikuwa munatudanganya, munatuambia bongo?"

"Tulikosea, baba. Mimi wa kwanza."

"Batoto habakulaka sauti," akasema, na kukaa.

Etabo akasimama bila kuitwa. Akaeleza habari za essai, na haya yake ya kuongea na kasanduku. Ili wasimdhanie anatunga, akabana pua na kuita. Mbwa wa katekista aliyekuwa amelala mlangoni akaruka, akaingia kwa kasi na kuanza kutafuta chini ya mabenchi, na kanisa zima likavunjika mbavu, mwami mwenyewe, Sumaili mwenyewe. Kicheko kilipotulia nikawachezea vile vikwato, mara zote tatu. Watu walisogea mbele ili wasikie.

"Ni nyama tatu?" mwami akauliza.

"Labda, mwami. Ao labda ni moja, alikuja mara tatu."

Mwami akainua kidole kimoja. "Hata kama ni moja, iko na mama yake," akasema.

Akakata shauri. Familia zitalima upande wa chini, kwenye mteremko usio na msitu. Bonde lenyewe litasubiri misimu mitatu ya mvua. Mtu yeyote asiwinde humo, wala asiite. Kama kasanduku katasikia mboloko analia mwenyewe, asiyeitwa na mtu, bonde litabaki. Kakinyamaza, Sumaili na watu wake watalilima. Nami nilipewa kazi ya kusema kweli ni ipi.

Jioni ileile nilichora safu ya pumzi kwenye fomu. Sasa mnajua.

Nikubali kwamba sharti lile lilikuwa gumu kuliko lilivyoonekana. Mboloko si mnyama wa maneno. Anaweza kupita msimu mzima bila kufungua kinywa, jambo ambalo lilipaswa kunishtua mapema, zile siku alipokuwa akinililia kila mwezi kama mwenye zamu. Msimu wa kwanza ulikuwa kimya. Kilichosikika ni Etabo tu, aliyetii sasa, akisema mwanzoni mwa kila kadi kwa sauti ya mtu anayeungama: "Etabo. Moja, mbili, tatu. Betri mupya." Kisha anaondoka akikohoa. Msimu wa pili goti lake likakataa milima. Akahamia Baraka kwa binti yake, karibu na ziwa, na kazi yake ikachukuliwa na Faila, mpwa wake, mwanamke mwenye hatua za haraka, ambaye haoni haya kuongea na kasanduku na mara nyingine hukasimulia habari za nyumbani. Msimu wa pili nao ulikuwa kimya.

Nilikutana na Sumaili sokoni mara kwa mara. Mihogo yake ya chini ilikuwa inakubali. Aliniuliza neno moja tu, "Bado?" nami nilimjibu, "Bado." Hakukuwa na uadui ndani yake. Lakini nilirudi ofisini na kusikiliza mvua kwa masaa, na kila mwezi niliogopa zaidi, kwa sababu msimu wa tatu ulikuwa pia msimu wangu wa mwisho kazini. Niliogopa kuondoka nikiwa nimeliua bonde, na niliogopa zaidi kwamba nikitamani sana nitasikia kisichokuwepo.

Kadi ya mwisho ya msimu wa tatu ilifika wiki yangu ya mwisho. Mnakumbuka wiki ile. Mlikuwa mnapanga keki na kudhani sijui. Ile programu mpya inayosikiliza yenyewe ilishapita juu ya kadi na kusema hakuna kitu. Siidharau programu, ilijifunzia kwenye rekodi zangu, kwa hiyo nadhani ilirithi na masikio yangu. Nikaivaa kaski. Mwanzoni mwa kadi Faila akaniambia kwamba kaka yake amenunua mbuzi. Kisha siku ya kwanza, ya pili, ya tano.

Siku ya sita, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nikausikia mlio. Mara mbili. Mwembamba, wa puani, wenye huzuni. Sikupiga kelele. Nilirudisha, nikasikiliza pale kabla, na sikusikia pumzi. Nikarudisha tena. Lakini mimi ndiye mtu asiyesikia pumzi, na hilo ndilo lililonitia baridi. Inawezekana mwindaji alipita. Inawezekana sikio langu limeruka tena, kama lilivyozoea.

Nikachukua kompyuta, kaski na fomu, nikapanda pikipiki mpaka kwa binti yake Etabo. Alikuwa anaanika ndagala uani, na mzee amekaa kivulini na mguu wake juu ya kigoda. Aliniona mikono imejaa na hakuuliza samaki.

Nilimvisha kaski. Sikumwambia ni kadi gani wala siku gani. Akafumba macho, nikabonyeza. Alisikiliza mpaka mwisho, uso haukubadilika.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Safari hii aliifunika kaski kwa viganja vyote viwili, na mdomo wake ukafunguka kidogo, kama mtu anayejiandaa kuita. Binti yake aliacha ndagala na kututazama.

"Tena."

Mara ya tatu niliona machozi yanamtoka kwenye macho yaliyofumbwa, na hakuyafuta. Nikajua, na yangu yakaanza, lakini nilingoja aseme, maana shahidi alikuwa yeye. Akavua kaski na kunirudishia.

"Ile haiko mimi," akasema.

"Haiko mutu mwengine?"

"Haiko mutu, Mama Riziki."

Nikaweka fomu juu ya meza ya ndagala, kati ya samaki, nikajaza tarehe, saa, namba ya mti, na jina, mboloko. Nilipofika kwenye safu ya mwisho nilimpa Etabo kalamu. Hakusoma sana, lakini aliijua safu ile ilipo. Akaweka alama kwenye neno "haipo", akaikaza mara mbili, mpaka karatasi ikatoboka.

Msiibadilishe ile fomu. Imo kwenye faili la Bonde la Tatu, ya juu kabisa, na bado inanuka samaki.